Doa la oili kwenye sakafu ya gereji: jinsi lilivyotoka

Doa lilikuwa la oili chakavu ya injini, upana wa sahani, kwenye zege lisilopigwa niru (tabaka laini la saruji la juu). Sabuni na maji peke yake vilisafisha uso tu. Siku ya pili weusi ukarudi, kwa sababu oili ilishazama kwenye vitundu vya zege na kupanda tena.

Kwanza mwaga saruji kavu au vumbi la mbao, sugua kwa soli ya kiatu, acha usiku kucha, fagia. Kisha sabuni ya unga, vijiko 4 vya chakula, maji ya moto kidogo hadi iwe uji mzito. Iache dakika 30, sugua kwa brashi ngumu ya nailoni (ya chuma huacha nyuzi zinazoshika kutu), suuza.

Kilichobaki ndicho kigumu. Changanya poda ya mtoto na tarpentaini hadi ifanane na siagi ya karanga. Paka unene wa sentimita 1, uvuke ukingo wa doa, funika kwa nailoni saa 24. Funua, acha ikauke kabisa: ikikauka ndipo inavuta oili juu. Ukikwangua mapema, umepoteza siku. Hapa ilihitaji mara 2.

Mvuke wa tarpentaini hushika moto: fungua mlango, usiwashe hata kiberiti. Asidi ya betri iache. Inakula saruji, oili inabaki.

Dondoshea maji: yakinywewa, zege ni safi. Yakisimama kama shanga, oili bado ipo, na ukipaka rangi haitashika.