Siku mjomba alipogoma kulikalia gari

Shemeji yangu akitaka kitu anakitaka kweli. Gari aliliona kwenye picha usiku, kufika asubuhi ashapanga nani anakaa siti ya mbele. Akanipigia akasema twende tukalichukue. Sio tukaliangalie, tukalichukue. Nikamwambia sawa shem, ila tunampitia mjomba kwanza, akanuna, maana mjomba ni fundi wa miaka mingi, gereji kastaafu ila kukosoa magari ya watu bado yuko kazini.

Mjomba kwenye simu alisema neno moja tu, mwambieni muuzaji asiliwashe hilo gari mpaka tufike. Shemeji akampigia dalali akamwambia hivyo hivyo, dalali akajibu hamna shida bosi.

Tumefika, gari linang'aa balaa. Dalali kijana mchangamfu, kitambaa mkononi, anafuta vumbi ambalo halipo. Shemeji kaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, mjomba yeye kazunguka mbele kaweka kiganja juu ya boneti. Ya moto.

"Kijana, uliliwasha?"

"Aah mzee wangu, nilisogeza tu kidogo nilitoe kwenye jua."

Mjomba akasema haya, tunasubiri lipoe. Shemeji alitaka kupasuka. Lakini mjomba akatueleza pale pale, na dalali anasikia, kwamba injini ya moto inaficha mambo mengi. Injini ikilala usiku kucha, kama sili za valvu zimechoka oili inachuruzika taratibu inaingia kwenye silinda, asubuhi ukiwasha ekzosi inatema moshi wa bluu kidogo halafu unapotea, ukija saa nne limeshachemka huoni kitu. Sauti ya cheni ya ndani ya injini iliyolegea nayo ni hivyo hivyo, inapiga kelele sekunde chache za mwanzo basi. Kwahiyo mtu akikuwashia gari kabla hujafika, labda kweli kalisogeza, labda kuna kitu hataki usikie. Utajuaje? Unasubiri.

Tukawa tunalizunguka. Mjomba haangalii gari kama sisi, sisi tunaangalia rangi, yeye anachuchumaa kwenye kona anaangalia ubavu wote kwa mshazari, mwanga ukipita pale kwenye puti, yale makandiko ya kuziba palipobonyea, unapinda. Akanionyesha taa za mbele, ya kulia kioo kimeanza umanjano, ya kushoto mpya kabisa. Akamuuliza dalali imekuwaje, dalali akasema iligongwa na jiwe. Mjomba akasema jiwe lenyewe nadhani lilikuwa na magurudumu manne. Mimi nilicheka, shemeji hakucheka.

Akafungua boneti akaangalia bolti zinazoshika madigadi. Za kulia rangi yake imekaa vile ilivyotoka kiwandani, za kushoto zimechubuka kwenye kona, yaani spana imepita hapo. Kuna mpira wa kioo una vidoa vya rangi, mtu alipiga rangi hakuziba vizuri. Na tairi ya mbele kushoto imelika upande wa ndani tu. Tairi zenyewe alizisoma zote, nilikuwa sijui kumbe zile namba nne za mwisho ubavuni ni tarehe, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata, yale meno ya kukamata barabara, nzuri tu kumbe mpira umezeeka na umeanza kupasuka.

Ndani akaanza kutafuta kama gari lilishawahi kuzama kwenye maji, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi maana alikuwa anatafuta sehemu ambazo muosha magari hafiki. Alivuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, ile sehemu ambayo huwa imejikunja ndani, kama gari liliingia mafuriko tope linabaki huko. Akapapasa reli za siti kama zina kutu, akainua kapeti, akainua na speatairi akanusa lile shimo lake. Safi. Hapo gari lilipasi na mjomba alisema wazi wazi limepasi, hakuwa mtu wa kutafuta ubaya kwa nguvu. Shemeji akapata nguvu kidogo.

Mita inasoma kilomita elfu 68. Usukani una kava jipya, mjomba akaomba ruhusa akalivua, ngozi ya ndani imechakaa imekuwa laini inateleza. Pedeli ya breki mpira wake umeisha pembeni. Hakusema kitu, akaendelea.

Halafu akamwambia dalali washa swichi, usipige stata. Taa za dashibodi zikawaka, ya oili, ya betri, ya cheki injini, ya ABS. Mjomba akasema zima. Washa tena. Mimi naangalia nasema taa zote si zinawaka, kuna tatizo gani? Akaniambia usiangalie zinazowaka, tafuta isiyowaka. Ya eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, haikuwaka kabisa. Inatakiwa iwake sekunde chache ijikague halafu izime. Ikiwaka ikagoma kuzima, gari linakwambia ukweli kwamba kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, inawezekana kabisa kuna mtu kaiua makusudi. Ukijumlisha na ile kona ya kushoto hesabu inakuja yenyewe, gari liligonga, eabegi zikafumuka, na zile mpya ni ghali, kwahiyo mtu karudisha kifuniko tu kikae vizuri. Shemeji hapo alikuwa anapanga kupakia watoto wake, wajomba zangu, sijui kama aliliwaza hilo, mimi nililiwaza.

Mjomba alikuja na kile kifaa cha kusoma hitilafu za gari, unakichomeka chini ya usukani. Tundu lake magari ya Marekani yanalo tangu 1996 na ya petroli ya Ulaya tangu 2001, kwahiyo gari la miaka ya karibuni halina sababu ya kukosa. Kikaonyesha hakuna hitilafu hata moja. Shemeji akasema unaona! Mjomba akamwonyesha mstari wa chini, yale majaribio ambayo gari linajifanyia lenyewe ukiwa unaendesha yote yalikuwa bado hayajakamilika. Yaani kumbukumbu imefutwa juzi juzi, au betri ilichomolewa. Hitilafu ikifutwa haijatengenezwa, imefichwa kwa siku kadhaa tu.

Limepoa, likawashwa. Na hapa niseme ukweli, injini ilikuwa tamu. Hakuna moshi wa bluu, hakuna mweupe unaokaa hewani, kifuniko cha oili hakina ule utando wa maziwa unaoashiria maji yameingia kwenye oili. Shemeji kafufuka kabisa, ananiangalia kama timu yake imesawazisha dakika ya 90. Mjomba yeye kainama na tochi, injini imeoshwa mpaka inameta kwahiyo huwezi jua inavuja wapi, lakini pembeni ya kava la taimingi belti, mkanda wa injini unaobadilishwa kila baada ya kilomita nyingi, kulikuwa na stika ndogo imefifia. Belti ilibadilishwa kwenye kilomita 100,000.

Mita elfu 68, stika laki.

Dalali akasema labda hilo kava limetoka gari lingine. Mjomba akamjibu inawezekana, na pedeli nayo imetoka gari lingine?

Shemeji alijitetea kweli kweli, mjomba lakini injini si nzima? Mjomba akasema injini nzima, na mimi gari la kilomita laki na nusu lililotunzwa nalinunua hata leo, bushi na shokapu zinabadilishwa, oili ikivuja inazibwa. Ila huyu mita karudisha, taa kaua, na kadi ya gari ina jina la mtu ambaye hayupo na simu hapokei. Namba ya chasisi ilikuwa sawa na ya kwenye kadi, tuliikagua, ila mwenye jina yuko wapi?

Dalali akashusha bei hapo hapo, tena bila kuombwa. Shemeji akaomba basi aliendeshe angalau mzunguko mmoja, kweli mjomba huwa anapenda kuzungusha usukani mpaka mwisho asikilize jointi zinagonga au la, akanyage breki aone linavuta upande gani. Safari hii aligoma, hata yeye mwenyewe hakulikalia. Akamwambia shemeji ukishaliendesha utalinunua, nakujua.

Tukawa tunaondoka, shemeji haongei. Dalali akatufuata mpaka nje, nikajua anakuja kushusha bei tena. Kumbe kamvuta mjomba pembeni, mzee naomba namba yako, mimi mwenyewe natafuta kagari kangu ka kutembelea na haya ya hapa siyaamini. Mjomba akampa namba, akamtajia na malipo yake kabisa, nusu aitume kabla.