Nyuzi Mbili za Dombra

Jioni moja ufuoni Dunga, hapa Kisumu, nikimsikiliza mzee akipiga nyatiti yake ya nyuzi nane, nilimkumbuka Zhambyl Zhabayev, malenga wa Kazakhstan aliyezaliwa mwaka 1846 na kughani kwa dombra, ala yenye nyuzi mbili tu. Uzeeni alimsifu Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti uliotawala Kazakhstan wakati huo, akaenziwa hadi kifo chake mwaka 1945. Sina haraka ya kumlaumu. Nasi tunao waimbaji wa kuwasifu wakubwa.

Kinachonisumbua zaidi ni kisa cha Saken Seifullin, mshairi na mkomunisti aliyewahi kuongoza serikali ya jamhuri yake, kisha akauawa kwa risasi na utawala huo wa Stalin mwaka 1938, sawa na waandishi wenzake Ilyas Zhansugurov na Beimbet Mailin. Mukhtar Auezov, aliyefungwa mwaka 1930, aliachiliwa baada ya kukana hadharani misimamo yake, na riwaya yake juu ya mshairi Abai ikapata Tuzo ya Stalin mwaka 1949. Hata hivyo, mwaka 1953 aliposhutumiwa tena, ilimbidi akimbilie Moscow.

Mchoraji Abilkhan Kasteev alichora nyika, wafugaji na reli mpya ya Turksib, iliyounganisha Asia ya Kati na Siberia. Mimi, mjukuu wa mfanyakazi wa reli, picha hiyo ya reli huitazama kwa muda mrefu kuliko zote.