Bonde la oksijeni, Shangani

Machi moja, Shangani, Mtwara, tulijaribu kuiona oksijeni ya hewani kwa leza. Joto lilikuwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75. Daiodi yetu ya leza, kijipande kinachotoa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 760, ilikuja na maelekezo ya kuipoza hadi nyuzi 20. Kwa hewa kama hiyo, chochote kilichoshuka chini ya nyuzi 25 hulowa umande, na kweli kioo cha daiodi kikashika ukungu, mwanga ukafifia. Tukageuza nyaya mbili za kibao cha Peltier, kile kinachopoza au kupasha kufuata mwelekeo wa umeme, kikaanza kupasha badala ya kupoza, tukaituliza leza kwenye nyuzi 35.

Kuituliza ndiyo kazi yenyewe. Kila nyuzi moja huusogeza urefu wa wimbi wa leza ya aina hii nanomita 0.06 hivi, ilhali mstari wa oksijeni, yaani wimbi jembamba ambalo oksijeni hulifyonza, katika hewa ya kawaida una upana wa nanomita 0.006 tu. Joto likiyumba sehemu moja ya kumi ya nyuzi, mstari mzima umeshakupita. Kwa hiyo thamista, kipima joto kidogo cha umeme, ilizamishwa kwenye tundu ndani ya kipande cha alumini, milimita 2 kutoka kwenye daiodi, ikapakwa mafuta ya kupitisha joto, kisha kipande chote kikavishwa sponji ya godoro kisipigwe na upepo wa bahari. Mwenye pesa kidogo azimalizie hapa. Lenzi za bei zisubiri.

Mkondo wa leza ulitoka kwenye betri ya pikipiki, kwa kuwa chaja zina kelele nyingi. Opampu moja (chipu ya kukuza umeme) na rezista ya omu 100 zilishikilia miliampea 3, juu yake wimbi la pembetatu la hezi 70, lililoipitisha leza juu ya mstari, kwenda na kurudi. Hezi 50 tuliikwepa, ndiyo ya umeme wa ukutani.

Mwanga ulishuka mita 1 ndani ya bomba la plastiki lililosimama wima, hadi kwenye fotodaiodi, kihisi kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Kwanza osiloskopu, chombo kinachochora umeme huo kwenye kioo, ilionyesha vijiwimbi vilivyopangana sawasawa: mwanga ulikuwa ukirudishwa na kioo cha fotodaiodi hadi kwenye lenzi. Fotodaiodi ilipoinamishwa kidogo, vikafutika, likabaki bonde moja kwenye mteremko wa mchoro, pale mwanga ulipofyonzwa, kina chake asilimia 2 hivi.

Je, ni oksijeni kweli? Siki na magadi ya kuokea vikachemka kwenye jagi, ile gesi nzito ya kaboni ikamiminwa bombani, ikaisukuma hewa nje. Bonde likapungua, likapungua, mteremko ukanyooka. Bomba lilipopepewa, bonde likarudi. Mistari ya oksijeni hapa huja miwilimiwili, ikiachana kwa takriban nanomita 0.12, tukapandisha joto hadi karibu nyuzi 37, na wa pili ukaingia kwenye kioo cha osiloskopu.