Kabla ya kuripoti JKT, shughulikia miguu

Majina ya wahitimu wa kidato cha sita waliopangiwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yakitoka, maswali huwa yaleyale. Kambi ya Mafinga kuna baridi? Ya Bulombora ni mbali kiasi gani? Bukta iwe rangi gani? Mengi yamo kwenye tangazo: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini; fulana ya kijani; raba; soksi ndefu nyeusi; shuka mbili za bluu bahari; vyeti vya kuombea chuo; nauli ya kwenda na kurudi. Miguu hakuna anayeiulizia, na ndiyo inayowaangusha kuruta, yaani wanafunzi wapya wa jeshi, wengi wiki za mwanzo.

Raba zisiwe za kununuliwa stendi siku ya safari. Zinunue mwezi mmoja kabla, uzijaribu jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakayokimbilia ukiwa umeivaa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja. Zikibana, mchakamchaka wa mteremkoni unageuza kucha kuwa nyeusi.

Buti ni kazi nyingine. Lengelenge huletwa na joto, unyevu na msuguano vikikutana, na mara nyingi huanzia kisigino kinachopanda na kushuka ndani ya buti. Kwa hiyo kamba zilegee kidogo vidoleni, zikaze kwenye kifundo. Vaa soksi mbili, nyembamba ya nailoni ndani na nzito juu yake, ili zisuguane zenyewe badala ya kusugua ngozi. Zinyooshe vizuri, kunjo moja chini ya unyayo ni sawa na kokoto.

Buti zikilowa, usizianike karibu na moto. Ngozi inakakamaa na kupasuka, na gundi ya soli inaachia. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe yakilowa, uziweke kivulini penye upepo.

Kwenye kung'arisha, anayebandika kiwi (rangi ya viatu) nusu kopo kwa mkupuo anatengeneza mtego wa vumbi tu. Futa buti kwanza. Viringa kitambaa cha pamba kwenye kidole, chota kiwi kidogo sana, weka tone la maji, sugua kwa viduara vidogo mpaka ukungu uishe, kisha rudia tabaka jingine. Fanya hivyo kwenye pua ya buti na kisigino peke yake. Ukirundika tabaka pale buti inapokunjika, zitapasuka kwata, yaani gwaride, ikianza tu.

Lengelenge dogo liache, lifunike kwa plasta. Kubwa linalouma, osha kwa sabuni, litoboe pembeni kwa sindano safi iliyopitishwa kwenye spiriti, kamua maji, na ile ngozi ya juu usiibandue. Likitoa usaha au wekundu ukianza kusambaa, nenda zahanati. Kati ya vidole, kausha kila unapooga. Fangasi hupenda soksi zilizovaliwa mbichi.

Ugoko ndio wa kuogopa zaidi. Uchungu uliotanda kwenye msuli mara nyingi hupungua ukipumzika. Uchungu wa sehemu moja, unaozidi ukibonyeza mfupa kwa kidole na unaobaki hata usiku umelala hangani (bwenini), unaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Mwambie afande asubuhi hiyohiyo, kabla ya mchakamchaka. Ukijikaza, ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili, na miezi mitatu ya mafunzo ukaimalizia kwenye magongo.