Kazi yangu ni kumpa mgongo msanii

Kila mwisho wa Juni simu yangu inajaa maombi ya picha. Ndugu zangu wa Mwanza na Dar wanajua kwamba wiki ya tamasha la muziki la Roskilde, huku Denmark, nakuwa mlinzi mbele kabisa ya jukwaa, hatua chache tu kutoka kwa wasanii ambao wao wanawaona YouTube, na hawaelewi inakuwaje narudi nyumbani mikono mitupu. Jamani, mimi simwoni msanii. Namsikia, tena kupita kiasi, pamoja na viziba masikio vyangu. Lakini yeye yuko mgongoni, na macho yangu yako kwa watu. Kiongozi wetu wa zamu akikukuta umegeuka kuangalia shoo, anakugusa bega. Akikukuta tena, anakupeleka kulinda vyoo.

Roskilde ni mji mdogo, kilomita 30 hivi magharibi ya Copenhagen, na tamasha lake lipo tangu 1971. Siku hizi linakusanya zaidi ya watu laki moja, na kazi nyingi, kuanzia kuuza chakula hadi kuokota takataka, zinafanywa na watu wa kujitolea wanaokaribia elfu 30. Unatoa saa zako, unapata tiketi yako. Unakuta bibi wa miaka 70 kavaa kizibao cha kung'aa, yuko langoni anakagua bangili za kuingilia za watu huku anacheka. Mimi niliingizwa na rafiki yangu mmoja wa Bukavu tuliyefanya naye usafi wa ofisi nilipofika Denmark. Aliniambia, "Dada, njoo, ni kazi ya kusimama tu." Ya kusimama kweli, ila kwanza wanakufunza.

Nianze na uzio wenyewe, ule wa mbele ya jukwaa tunaoulinda, maana nikiwa nyumbani sikuwahi kuona kitu cha namna hii. Ni vipande vya aluminiamu, kila kimoja kina upana wa mita moja hivi, vinaunganishwa kwa bolti mpaka vinakuwa ukuta mmoja mrefu unaomfika mtu mzima kifuani. Upande wa watu kuna bamba pana lililolala chini, na watu wa mstari wa mbele wanasimama juu yake. Hapo ndipo ujanja wote ulipo: uzito wa hao hao wanaosukuma ndio unaoushikilia uzio usianguke. Umati ukiongezeka, uzio nao unazidi kukaza. Juu pameviringwa pasimkate mtu mbavu. Upande wetu kuna kidaraja cha kukanyaga, ili mlinzi awe juu kidogo, aone mbali na aweze kuinama amvute mtu. Nyuma yetu kuna ujia, ndiyo nafasi kati ya uzio na jukwaa, na ujia huo lazima uwe mtupu. Hakuna kuweka maboksi wala kuegesha spika, na shemeji wa promota hana ruhusa ya kusimama pale arekodi.

Linganisha na vile vyuma vyepesi vyenye miguu iliyojitokeza, ambavyo polisi wanapanga barabarani siku ya mbio au ziara ya kiongozi. Vile vinafaa kuonyesha foleni. Ukiviweka mbele ya jukwaa, watu wakisukuma vinalala, na miguu yake inakuwa mitego ya kukwaza aliye mbele. Nimeviona kwenye shoo nyingi za kwetu, na mara nyingine hata hivyo havipo, ni kamba tu na mabaunsa.

Roskilde hawakuzaliwa na ujuzi huu. Usiku wa tarehe 30 Juni 2000, Pearl Jam, bendi ya roki ya Marekani, walikuwa wanapiga kwenye jukwaa kuu, lile lenye turubai la rangi ya chungwa. Mvua ilikuwa imenyesha na ardhi inateleza. Mbele ya jukwaa watu walikuwa maelfu kwa maelfu, na karibu na uzio baadhi yao wakaanguka. Walioanguka hawakuweza kuinuka, kwa sababu mtu akianguka kwenye umati ulioshonana, anaacha shimo, na walio nyuma wanaangukia humo bila kupenda. Mwimbaji alisimamisha muziki, akawaomba watu warudi nyuma hatua kwa hatua. Walikufa vijana tisa, wote wanaume, mkubwa kati yao ana miaka 26. Walikuwa Wadenmark, Waswidi, Mjerumani, Mholanzi na Mwaustralia. Kwenye uwanja ule kuna jiwe la kumbukumbu limezungukwa na miti tisa, na kila mwaka unaona vijana wamelizunguka, wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka ule.

Uzio ulikuwepo usiku ule. Hili ndilo mafunzo yetu yanalikazania. Uzio mmoja mbele, hata uwe imara vipi, unamlinda tu aliye upande wa jukwaa. Yule aliyebanwa nao, nyuma yake ana uwanja mzima unaomsukuma, na kila mtu huko nyuma anasukuma kidogo tu, kwa nia njema, apate kuona vizuri. Kwa hiyo siku hizi eneo la mbele limekatwa. Kuna sehemu zilizozungushiwa uzio wake, watu wanaingia kwa foleni na kwa hesabu, ikijaa inafungwa, na shoo ikiisha wanatolewa ili wengine waanze upya. Sukuma sukuma ya maelfu walioko nyuma inaishia kwenye uzio wa pili, haiwafikii walio mbele. Kubebwa juu ya vichwa vya watu kumepigwa marufuku. Anayejaribu tunampokea upande wetu, tunamshusha, anatolewa pembeni.

Kuna jambo ambalo watu wengi, hata wasomi, hawalijui mpaka waambiwe: wengi wanaokufa kwenye misongamano hawakanyagwi. Magazeti yanaandika "wamekanyagwa" kwa mazoea. Mtu anaweza kufa hata akiwa wima, kwa kukosa hewa, kwa sababu kifua kimebanwa mbele na nyuma na mapafu hayana pa kutanukia. Watu wanne kwenye mita moja ya mraba bado wanacheza na kuruka. Wakifika sita au saba, umati unaanza kwenda kama maji. Wimbi linaanzia huko usikokuona, linakuinua, linakupeleka, na miguu yako haina kauli. Ukiwa kwenye shoo, jaribu kupeleka mkono wako usoni ujikune pua. Ukishindwa, anza kutoka sasa hivi, kwa mshazari kuelekea pembeni, na usubiri wimbi lirudi ndipo upige hatua. Usishindane nalo.

Sisi pale mbele tunasoma nyuso. Anayeimba hana shida, kwa sababu anayeimba anapumua. Ninaomtafuta ni yule aliyenyamaza. Macho yanatazama juu badala ya jukwaani, midomo imepauka, jasho limekauka, mikono yote iko kifuani kama anajikinga. Namwonyesha kidole gumba juu, anijibu. Asipojibu, namwita mwenzangu, tunapanda kidarajani, mmoja kila upande, mikono chini ya kwapa, na tunaomba waliomzunguka wamsukume juu. Watu wanasaidia kuliko unavyofikiri. Akishavuka, miguu yake inalegea hapo hapo, kwa sababu kilichokuwa kimemsimamisha ni umati. Wapo wanaogoma kutoka. Kuna binti alinilalamikia kwamba amekaa foleni tangu asubuhi na wimbo anaoupenda bado haujapigwa, huku uso una rangi ya unga. Tulimtoa, akalia, akanywa maji, na dakika kumi baadaye alikuwa anatuimbia sisi huku amekaa chini.

Maji ndiyo kazi yetu kubwa, kwa kweli. Vikombe na vikombe, unampa wa mbele naye anapitisha nyuma. Ukitaka kupendwa Ulaya, gawa maji mbele ya jukwaa mwezi wa Julai.

Tatizo ni kwamba uzio huo huo ukiwekwa vibaya unageuka mtego. Houston, Marekani, Novemba 2021, kwenye tamasha la Astroworld lenye watu elfu 50 hivi, walikufa watu kumi, mdogo kuliko wote ana miaka tisa. Palikuwa na nyuzio za kutosha. Lakini wengi wa waliokufa walikuwa kwenye sehemu moja iliyozungukwa na uzio pande tatu, watu wakaendelea kumiminika kutoka upande uliobaki, na muziki ukaendelea. Kukata eneo vipande ni nusu ya kazi. Lazima mtu ahesabu wanaoingia, pawe na pa kutokea, na mlinzi mdogo wa mbele awe na njia ya kumfikia mwenye mamlaka ya kuzima sauti. Bila hivyo umejenga zizi.

Rafiki yangu wa Bukavu hili linamgusa kwa namna nyingine. Oktoba 2022, kwenye shoo ya Fally Ipupa katika uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa, walikufa watu 11. Alikaa na simu siku nzima akitafuta ndugu zake. Na sisi Watanzania tunaikumbuka Machi 2021, uwanja wa Uhuru, wakati wa kumuaga Rais Magufuli, walipokufa watu 45. Pale hapakuwa na muziki wala jukwaa la shoo, lakini mwili wa binadamu haujui umebanwa kwa ajili ya furaha au msiba.

Na kwetu kuna jambo moja linaloniudhi, acha niliseme. Eneo la mbele ya jukwaa tunawapa wenye pesa. Zinapangwa meza zenye vitambaa, makochi, ndoo za barafu, halafu ndipo chuma, halafu ndipo wananchi. Baunsa aliye kwenye chuma kile kapewa kazi ya kuzuia mtu wa elfu kumi asiingie kwa mtu wa laki tatu. Mtu akizimia pale, anapitishwa wapi? Katikati ya makochi?

Mdogo wangu anaandaa shoo kule Mwanza, za uwanja wa wazi, na juzi aliniuliza uzio wa Ulaya unauzwaje. Nikamwambia, achana na bei kwanza, kuna vitu havihitaji aluminiamu. Acha ujia mtupu mbele ya jukwaa, upana wa machela na watu wawili. Weka walinzi wanaowatazama watu, uwape maji na tochi, uwavue fimbo. Njia ya kutokea uwanjani iwe pana kuliko ulivyozoea. MC akubali mapema kwamba akiona ishara yako anakata muziki bila kuuliza. Na zile meza zihamishie pembeni, kwenye kichanja, wataona vizuri zaidi.

Akanyamaza kidogo. "Dada, mengine yote sawa. Za meza, mdhamini hatakubali."

Nimemwambia anipe namba ya huyo mdhamini.