Kompresa ya lita 24, bunduki ya F50 na ukuta wa tofali

Wiki ya kwanza

Kabati la nguo la watoto lina milango minne, na mlango wa kwanza umenila Jumapili nzima. Nikigonga kamsumari kwenye ule ubao mwembamba wa pembeni, ama ubao unasogea, ama unapasuka, ama nyundo inaacha kovu ambalo puti hailifichi. Mafundi wa Keko nawaona kila nikipita: mkono mmoja umeshika ubao, mwingine bunduki ya misumari inayosukumwa na upepo, ta-ta-ta, kazi imeisha. Nimeamua kununua.

Nilianza vibaya. Siku tatu nzima nililinganisha kompresa, yaani mashine inayoijazia bunduki hewa yenye presha, ukubwa wa mtungi na nguvu za farasi, bila kujiuliza nitapiga msumari gani na kwenye nini. Nikarudi nyuma, nikaandika kazi zilizobaki: milango mitatu, droo sita, skatingi (ule ubao wa chini ya ukuta) ya vyumba vitatu, fremu za picha. Zote ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) au mbao nyembamba, na zote zinapakwa gundi kwanza. Kwa kazi hizo bunduki ni ya F50, ile inayokula misumari ya geji 18 hadi urefu wa milimita 50. Msumari wake ni mwembamba, unene wa milimita moja na ushee, na kichwa karibu hakipo. Usiutegemee kubeba mzigo. Kazi yake ni kushika mbao mpaka gundi ikauke.

Kwenye video za Wamarekani kila mtu ana ile bunduki kubwa ya misumari ya inchi tatu. Kule nyumba nyingi ni mifupa ya mbao, ukigonga popote karibu na dirisha unapata kitu cha kushika. Mimi kwangu ni tofali za simenti, na mbao za paa zilishapigwa zamani kwa nyundo na inchi nne. Hiyo nikaikata kwenye orodha bila huruma. Ya betri pia nimeiacha: haihitaji mpira wa upepo wala kompresa, lakini bei yake ingeninunulia seti nzima ya upepo na mbao za droo zikabaki kwenye chenji.

Wiki ya pili, Kariakoo

“Bosi, chukua hii ya lita hamsini, farasi watatu. Utapuliza hadi gari.”

“Gari sina, kaka. Nina kabati.”

Alicheka, lakini hakuacha kunisukumia ile kubwa. Na kwa mtu wa rangi angekuwa sahihi. Bunduki ya rangi inavuta upepo mfululizo, nyingi zinataka lita 200 na zaidi kwa dakika, na mashine ndogo inachoka kabla hujamaliza ubavu mmoja wa kabati. Bunduki ya misumari inaonja tu. Mtungi wa lita 24 ukishuka kutoka bar 8 hadi bar 6 (bar ni kipimo cha presha) umetoa kama lita 48 za hewa ya kawaida, na risasi moja ya F50 inakula karibu lita moja au pungufu. Kwa mtu anayesimama kila baada ya misumari sita kupaka gundi, hapo mashine inapata muda wa kutosha kupumua.

Jambo jingine: ile namba ya lita kwa dakika iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi ni hewa inayovutwa, si inayotoka. Ukitaka kulinganisha, uliza inayotoka.

Nikachukua ya lita 24, wati 750, isiyotumia mafuta, aina ile yenye kelele kidogo. Mimi hufanya kazi usiku watoto wakilala, na zile za farasi wawili zilizowashwa dukani zilitulazimisha tuongee kwa ishara. Bunduki ilinigharimu chini ya robo ya bei ya kompresa. Walinionyesha pia kabunduki kadogo ambako hakana ncha ya usalama, yaani kanafyatua hata hewani. Nikakarudisha mezani.

Wiki ya tatu

Usiku wa kwanza mashine ilinguruma, haikuzunguka, kisha ikajizima. Nilidhani nimeuziwa chuma chakavu. Kumbe nilikuwa nimeichomeka kwenye ekstensheni ya mita 30, waya mwembamba wa kuchajia simu, na saa mbili usiku umeme wa mtaani kwetu huwa umeshuka. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Waya mwembamba ukiongeza upungufu wake, haina nguvu ya kuanza. Sasa kompresa inakaa mlangoni karibu na soketi, nami nimenunua mpira wa upepo wa mita 15. Urefu uweke kwenye mpira, waya uwe mfupi.

Siku umeme ulipokatika kabisa, jirani yangu mchomeleaji akajitolea, kwa moyo mweupe, kunifungia mtungi wake wa oksijeni. Nikamwambia, mzee wangu, ahsante, lakini hapana. Ndani ya bunduki kuna mafuta, na oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inaweza kulipuka mkononi. Tukanywa chai, tukasubiri.

Wiki ya nne

MDF ni raha tupu. Bar 5, misumari ya milimita 30, kichwa kinazama kidogo tu, puti kidogo, msasa, kwisha. Mlango wa pili umechukua dakika arobaini.

Mninga haukuwa na adabu hiyo. Msumari ulikutana na nyuzi ngumu, ukapinda na kutokea ubavuni, nusu inchi kutoka kwenye kidole gumba changu. Sasa vidole vinakaa mbali kuliko urefu wa msumari, miwani haitoki usoni, na bunduki naisimamisha ikiukatiza ubao, siilazi sambamba nao, ili msumari ukipinda ufuate urefu wa mbao. Ukikwama, kwanza natoa mpira.

Kisha skatingi. Nilijua F50 haiingii kwenye simenti lakini nilijaribu hivyo hivyo. Misumari ilijikunja kama tambi. Fundi wa jipsamu akaniazima ST64 yake, ile ya misumari ya zege. Ikaingia kweli, na plasta ikabanduka kipande cha ukubwa wa sahani. Mama watoto aliangalia ukuta, akaniangalia mimi, akarudi jikoni.

Nilichofanya hatimaye: vibanzi vya mbao vya unene wa sentimita moja, fisha (plagi za ukutani) na skrubu kila nusu mita, halafu skatingi juu yake kwa gundi na F50. Skatingi imetoka ukutani zaidi ya nilivyotaka, lakini ukingo wa juu nimeufunika kwa kaubao ka mviringo, na imenyooka.

Leo

Nimefungua koki ya chini ya mtungi baada ya kazi. Imetoka karibu nusu kikombe cha maji, na ni siku mbili tu tangu nilipoyamwaga. Hewa ya Dar hiyo. Nimeandika kwa chaki ubavuni mwa mashine: MWAGA MAJI. Chini yake binti yangu ameongeza: NA DROO ZANGU BABA. Zimebaki nne.