Wiki ya skii Alpi kwa watu tisa wasiolingana: nilivyoipanga

Ukiwaachia mabingwa wa familia wachague mlima, watafungua ramani, watahesabu njia nyeusi, zile ngumu kuliko zote, na wiki itakuwa imeshaharibika Jumapili asubuhi kabla chai haijapoa. Mimi nilianzia upande wa pili. Nilikuwa na watu tisa: wawili wanaoteleza popote, watatu wa kiwango cha kati, shemeji zangu wawili wa Mombasa ambao theluji waliijua kwenye televisheni tu, mtoto wa miaka 6, na mama mkwe aliyetangaza mapema kwamba ski, vile vibao vya kutelezea, hatavaa ng'o. Bingwa hana shida, eneo lolote kubwa litamtosha. Kinachotofautisha kijiji na kijiji ni mambo mawili: anayeanza atatembea hatua ngapi na mabuti yale mazito kufika kwa mwalimu wake asubuhi, na kama asiyeteleza anaweza kufika mahali wenzake wanapokula mchana. Kila kijiji nilikipima kwa maswali hayo, na vingi vilianguka.

Vijiji vya bondeni huvutia kwa bei na kwa nyumba zao za mbao. Lakini uwanja wa wanaoanza mara nyingi huwa chini kabisa, ambako theluji huyeyuka kwanza. Mvua ikinyesha, wao ndio wanaoteleza kwenye tope. Au uwanja uko juu, na anayeanza huifungua siku kwa basi, foleni ya gondola (vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya) na ski begani. Val Thorens ya Ufaransa, kwenye mita 2,300 juu ya bahari, haina wasiwasi wa theluji, ila haina miti: ukungu ukishuka huoni mpaka wa ardhi na mbingu, na aliyeanza juzi hushikwa na kizunguzungu akiwa amesimama. Mzunguko wa Sella Ronda kwenye Dolomiti, Italia, ningeuchagua kama wote wangekuwa wa kiwango cha kati, maana chakula cha huko ni kizuri mno. Lakini ni kilomita 40 hivi ukijumlisha lifti, ile mitambo inayopandisha watu mlimani, na anayechelewa hujikuta bonde lisilo lake.

Nikaishia La Plagne, bonde la Tarentaise, Ufaransa, na tukalala Plagne Centre kwenye mita 1,970 hivi. Kijiji chenyewe si kizuri kwa macho: ni majengo makubwa ya saruji, kilifunguliwa mwaka 1961. Uzuri wake ni wa mpangilio. Unatoka mlangoni ukiwa kwenye theluji, uwanja wa wanaoanza uko mbele yako, na maduka yamepangwa kwenye ukumbi wa ndani, hivyo mama mkwe hakulazimika kukanyaga barafu kwenda kununua mkate. Gondola ya Grande Rochette hupanda kutoka hapo mpaka karibu mita 2,500, na asiyeteleza hupanda kwa tiketi ya watembea kwa miguu. Siku za ukungu tulihamia sehemu zenye miti, upande wa Montchavin na Champagny, ambako angalau mtu anaona mbele.

Mabingwa nao hawakunyimwa kitu. Vanoise Express, behewa la ghorofa mbili linaloning'inia kwenye waya, lililoanza kazi Desemba 2003, huvuka bonde kwenda upande wa Les Arcs kwa dakika nne hivi. Pande mbili kwa pamoja, ndiyo Paradiski, zina kilomita 425 za njia. Kutoka kilele cha Aiguille Rouge, mita 3,226, unashuka mpaka Villaroger kwenye mita 1,200 bila kupanda lifti hata moja katikati. Sharti nililowawekea ni moja: saa tisa alasiri muwe mmerudi upande wetu. Behewa hilo husimamishwa upepo ukizidi, na aliyekwama ng'ambo hurudi kwa teksi kupitia bondeni, safari ndefu na bili inayouma.

Neno kuhusu rangi za njia, kwa sababu hapa watu hudanganyika. Ufaransa, kutoka rahisi mpaka ngumu, ina kijani, buluu, nyekundu na nyeusi. Austria, Uswisi na Italia huanzia buluu, kwa hiyo buluu ya Austria inaweza kuwa kijani cha Ufaransa, au isiwe. Kila eneo hupanga rangi zake lenyewe. Na njia haibaki ileile siku nzima: ile ya buluu inayorudi kijijini, tamu saa nne asubuhi, saa kumi jioni huwa imejaa watu na vichuguu vya theluji, na pale theluji ilipokwanguliwa panang'aa barafu. Wanaoanza niliwashusha kwa gondola kila jioni. Hakuna aibu, wenyeji wenyewe hufanya hivyo.

Tarehe nilichagua wiki ya tatu ya Januari. Ni baridi, nyuzi 10 chini ya sifuri si ajabu, lakini foleni ni fupi na vyumba ni nafuu. Februari niliikwepa kabisa: Ufaransa hugawa shule katika kanda A, B na C, likizo zao hupokezana kwa wiki nne, na milima hujaa. Machi kuna jua, ila asubuhi njia ni kioo na mchana ni uji, vyote viwili vibaya kwa anayejifunza.

Kwa shemeji wenye pasi za Kenya, viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ndiyo iliyoamua kalenda. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Kosa linalojirudia ni hili: ndege inatua Geneva, basi mtu anaomba Uswisi. Unaomba nchi unayokwenda kukaa, yaani Ufaransa. Nyumba nilichukua ile inayoruhusu kufuta bila gharama mpaka viza zitoke. Bima ya viza lazima ifikie euro 30,000, lakini isome mpaka mwisho, kwa sababu nyingi huitoa skii kwenye orodha. Niliongeza kifungu cha michezo ya baridi, na juu yake Carré Neige, bima ya siku inayouzwa pamoja na pasi ya lifti huko Savoie, mkoa wenye La Plagne, inayolipia uokoaji mlimani. Wanaoishi Uingereza wasitegemee kadi yao ya afya ya Ulaya. Haigusi gharama za kukuteremsha mlimani. Ukienda Italia, bima ya madhara kwa wengine ni lazima kisheria, na kofia ngumu sasa ni kwa kila mtu, si watoto peke yao.

Pasi za lifti usinunue za aina moja kwa wote. Pasi kubwa ya siku 6 ya Paradiski hupita euro 300 kwa mtu mzima, na anayeanza ataitumia kwenye lifti mbili. Wawili walichukua kubwa. Watatu wa kati walichukua ya La Plagne na nyongeza ya siku moja ya kuvuka. Shemeji walianza na lifti za uwanjani, ile mikeka inayotembea, wakanunua pasi ya wanaoanza walipoihitaji, siku ya tatu.

Shule niliiandikia kabla ya kulipia nyumba. Watoto huanza na madaraja yenye majina yao: Piou-Piou kwa wadogo wa miaka 3 mpaka 5, kisha Ourson, Flocon, halafu nyota. Wetu aliingia Ourson. Uliza mapema kama kundi lina mwalimu anayezungumza lugha ya mtoto, maana asiyeelewa hufuata wenzake tu na hajui kwa nini anaanguka. Watu wazima nao waliingia kundi la asubuhi. Mabingwa wetu walijitolea kuwafundisha bure, nikakataa. Bingwa amesahau hofu ilivyo. Humpeleka mtu juu “kidogo tu”, na ugomvi wa mume na mke huanzia hapo. Siku ya kwanza ni kutembea, kupanda kwa ubavu na kusimama kwa kuzifanya ski umbo la V, ncha za mbele zikikaribiana na nyuma zikiachana. Siku ya tatu ni kijani. Siku ya tano, mwenye mwili mwepesi hushuka buluu rahisi. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza kitu.

Vifaa ndipo penye siri nyingi. Nilituma dukani mapema umri, urefu, uzito na kipimo cha mguu wa kila mmoja kwa sentimita, kwani mabuti ya skii hupimwa kwa urefu wa unyayo. Uzito sema wa kweli. Ule mtambo unaoshika buti kwenye ski hurekebishwa kwa uzito, urefu, umri, kiwango cha mtelezaji na urefu wa soli ya buti. Aliyeongeza kilo kumi za heshima atakuta ski haiachii anapoanguka, na goti ndilo linalolipa. Aliyepunguza ski itamtoka katikati ya kona. Ski ya anayeanza isimame kati ya kidevu na pua. Fimbo igeuze juu chini, ishike chini ya kile kisahani: kiwiko kikikaa pembe mraba, ndiyo yako.

Buti ndilo linalowarudisha watu nyumbani. Vaa soksi moja nyembamba ya sufu, ifike chini ya goti, na suruali ya ndani isiingie humo. Piga kisigino chini mara mbili ndipo ufunge. Ukisimama wima vidole viguse mbele. Ukikunja magoti virudi nyuma kidogo. Duka moja, silitaji, lilimpa shemeji saizi ya juu kwa sababu alilalamika vidole vinagusa. Kufika saa tano alikuwa ameyakaza mno kuzuia mguu usicheze, damu haipiti, na miguu imekufa ganzi. Watu wa pwani hudhani ni baridi, wanaongeza soksi, na mambo huzidi kuharibika. Dawa ni kurudi dukani siku hiyohiyo. Hubadilisha bila malipo.

Mavazi: pamba iache, ikilowa haikauki. Ndani vaa sufu au nailoni ya michezo, katikati kitu chepesi cha joto, nje koti na suruali visivyopitisha maji. Glavu za kidole kimoja zina joto kuliko za vidole vitano. Rasta na misuko mikubwa isifungwe utosini, kofia ngumu haitakaa. Fungeni chini, shingoni. Mtandio chini ya kofia uwe mwembamba wa michezo, usio na pini. Na weusi wa ngozi si kinga: jua huongezeka ukali kadiri unavyopanda, na theluji hulirudisha usoni. Losheni, mafuta ya midomo, na miwani hata siku ya mawingu.

Jikoni nako kuna fizikia. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Wali unataka maji zaidi na muda zaidi. Maharage makavu sahau, labda una sufuria ya presha. Sisi tulibeba ya kopo. Unga wa ugali na mwiko tulibeba wenyewe, nyama na maziwa hapana, hayaruhusiwi kuingizwa Umoja wa Ulaya kwenye begi. Mahitaji mengine tulinunua chini, Aime, kabla ya kupanda. Duka la juu ni ghali. Kwa Waislamu: tartiflette, viazi na jibini vile vinavyonukia, huwa na vipande vya nguruwe, na fondue ya Savoie, jibini la kuyeyushwa, hupikwa kwa mvinyo mweupe. Uliza kabla ya kuagiza. Omeleti na supu ya mboga hupatikana, ila supu nayo ulizia mchuzi wake.

Chakula cha mchana kilikuwa saa saba na nusu, wakati wimbi la saa sita limeshapita. Siku nyingi tulikutana kijijini. Siku mbili juu, Grande Rochette, mama mkwe akitangulia kushika meza. Jumatano mchana wanaoanza walipumzika kwa amri. Mapaja huchoka siku ya tatu na ya nne, na mtu aliyechoka hukaa nyuma kwenye ski, zinamkimbia.

Vifaa rudisheni Ijumaa jioni. Jumamosi ni siku ya kila mtu kutoka na kila mtu kuingia, na barabara ya N90 kati ya Moûtiers na Albertville husimama. Geneva ni mwendo wa saa mbili na nusu barabara ikiwa na nafasi; tulitoka saa moja asubuhi kwa ndege ya saa tisa alasiri. Anayekodi gari uwanjani ahakikishe lina matairi ya baridi au minyororo, ambayo sheria ya Ufaransa huidai milimani kuanzia 1 Novemba mpaka 31 Machi. Geneva ina upande wa Uswisi na wa Ufaransa, na magari ya bei nafuu ya upande wa Ufaransa huenda yasiwe na kimojawapo. Minyororo jaribu kuifunga palepale maegeshoni, mikono ikiwa bado na joto.